Kioo Changu, Dirisha Lake

Nimestaafu majuma sita sasa. Juzi alipita mtu wa pikipiki hapa kwangu Maretadu, akaniambia kwamba pale kituo cha maziwa cha Endasak, ninyi mlioshika kazi yangu, mfuniko wa boksi la kupimia mmeutoa kwa sababu unawachelewesha. Nikamwuliza mara mbili kama ana uhakika. Akasema ameuona kwa macho yake umeegemezwa ukutani, na mtu ameanika tambara la kufutia keni za maziwa juu yake. Siku hiyo chakula hakikupita. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu unapanda na kushuka, lakini mtausoma hivyo hivyo.

Habari za vyeo hamtazipata hapa. Niliingia nikiwa mpokea maziwa, nikatoka nikiwa mpokea maziwa. Wakuu wa kituo nimewaona wakija na kuondoka, wengine wakiwa na vyeti virefu, wengine na viatu virefu, na mimi nikabaki pale pale mlangoni na pua yangu.

Pua nilifundishwa na Mzee Bura, mpokea maziwa aliyenitangulia. Siku ya kwanza nilifika Endasak kwa miguu, nimevaa koti la kuazima, nikadhani nitapewa kiti. Akanipa keni. Akasema, "Funua, weka pua, funika. Haraka. Harufu ya kwanza ndiyo ya kweli, ya pili ni ya mikono yako." Nikafunua, nikakaa natazama. Akanipiga kofi la bega. "Nimesema pua, sijasema macho!" Nilinusa keni asubuhi ile mpaka kichwa kikauma, na kila mara alinisahihisha. Hii imelala. Hii ng'ombe amekula vitunguu vya porini. Hii mama ameikamulia kwenye ndoo iliyokuwa na mafuta ya taa, mrudishie. Mwezi wa tatu nilianza kuzijua mwenyewe, na mpaka leo mke wangu hathubutu kuniwekea maziwa ya jana akaniambia ya leo.

Baada ya pua, laktomita. Ile ni ya kioo, inaelea ndani ya maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji. Usiitupe ndani, ishushe. Inama mpaka jicho liwe sawa na maziwa. Nimeona mtu mwenye diploma akiisoma amesimama wima kama anasoma tangazo. Halafu spiriti: maziwa kidogo, spiriti kiasi hicho hicho, tikisa. Yakiganda vipande vipande, yameanza kuchacha. Hayo mnayajua, au mnasema mnayajua.

Sasa dawa ya bluu. Hapo ndipo shida yangu na ninyi ilipo.

Boksi lile lilikuwa la mbao, ndani limepigwa bati, tunalijaza maji ya vuguvugu tuliyoyapima kwa kiwiko kama maji ya kumwogeshea mtoto. Kila anayeleta maziwa tunachukua kidogo kwenye mrija wa kioo, tunatia matone ya dawa ya bluu, tunaziba kwa mpira, tunasimamisha mrija ndani ya maji kwa foleni. Aliyekuja kwanza mrija wake wa kwanza, wa mwisho wa mwisho. Keni zenyewe zinasubiri kwenye tangi la maji baridi. Kwetu sheria ilikuwa saa moja. Maziwa masafi yanabaki na bluu yake saa nyingi, hata mchana ukifika. Yenye uchafu yanarudi meupe kabla ya hiyo saa moja, na mwenyewe anayabeba kurudi nayo nyumbani, watu wakimwangalia.

Boksi lilikuwa na mfuniko wa mbao mzito. Nilimwuliza Mzee Bura kwa nini tunafunika wakati tunataka kuona rangi.

"Funika."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu nimesema."

Namheshimu marehemu, lakini jibu hilo limenigharimu. Nadhani na yeye aliambiwa hivyo hivyo na mtu mwingine, ambaye naye aliambiwa hivyo. Watu wazima tunafanyiana ubahili wa maneno halafu tunashangaa vijana wakivunja kitu.

Mzee Bura alipofariki nilibaki peke yangu na boksi. Mfuniko ule ulikula maji mpaka ukaoza, ukapasuka katikati. Nikachukua kioo cha dirisha lililovunjika la ghala, nikakikata kwa kijiwe, nikakipiga fremu ya mbao na bawaba mbili. Mfuniko wa kioo! Joto linabaki ndani, na rangi unaiona bila kufunua. Nilijisifu. Nasema wazi kwamba nilijisifu, nikawaonyesha hata wapita njia.

Akaja mkuu mpya, Emanueli, kijana mpole, ametoka chuoni, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alipokiona kioo alinishika mkono. "Mzee, hii ni kazi ya mtaalamu." Halafu akaongeza la kwake: meza iko gizani mno, tuisogeze dirishani, rangi itaonekana vizuri zaidi. Tukaisogeza wote wawili. Dirisha linatazama mashariki, dogo, na jua la asubuhi linaingia kwa mstari mmoja tu, linaangukia ncha ya meza. Kioo changu, dirisha lake. Msije mkasema alikosea mmoja.

Wanachama wetu wengi ni wa mlimani, wanakaa karibu, saa moja na nusu asubuhi wako mlangoni. Kutoka uwandani alikuja mmoja tu kila siku, Mama Gidabat, mjane, ng'ombe wanne wa kukamua. Alitembea na kibuyu mgongoni, alifika karibu saa tatu, mirija ya wengine wote imeshasimama ndani ya boksi. Uwandani kule hakukuwa na mnunuzi mwingine. Kama si sisi, maziwa yale ni ya kumwaga au kunywa mpaka uchoke, na watoto wake watatu walikuwa wanavaa na kusoma kwa kibuyu kile.

Nilinusa maziwa yake kila asubuhi. Yalikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu na chini ya moshi harufu tamu ya maziwa ya leo. Nikayatia bluu, nikasimamisha mrija wake mwisho wa foleni, ncha ya meza. Kabla ya saa moja kuisha, meupe. Kesho yake, meupe. Wiki nzima.

Pua yangu ilisema masafi. Nikaiamini rangi. Nikamrudishia.

Emanueli akaja akamsimamia mlangoni. Hakuwa mkali, alisema kama mwalimu. "Mama, shida ni hicho kibuyu. Ndani hakioshwi. Bakteria wamejificha kwenye nyufa."

"Nakifukiza kila siku," mama akasema. "Kijinga cha moto ndani, nakizungusha, nafuta. Mama yangu alifanya hivyo na hakuna aliyeumwa tumbo."

"Zamani hapakuwa na vipimo."

Mwenyekiti wetu, Mama Paskalina, mwanamke wa sauti, alikuwa anafunga kanga yake pale. Akadakia, "Watu wa uwandani na maji hamjawahi kusalimiana!"

Wanawake wakacheka. Mama Gidabat akamgeukia. "Wewe bomba liko jikoni kwako. Njoo uchote kwetu siku moja, halafu ndiyo ufungue huo mdomo."

"Mdomo wangu ni safi, maziwa yangu ni bluu!"

Emanueli akasema kwamba akija na keni ya aluminiamu atapokelewa, na kibuyu kisionekane tena pale kituoni, maana wengine wataiga. Mama akakitazama kibuyu. Kilikuwa cha zamani, kimevalishwa ngozi na shanga, kimeshonwa mahali pawili. Akauliza, "Mnataka niamini kwamba hiki ndicho kinachooza?" Nyuma ya kituo tulikuwa na moto wa kuchemshia maji ya kuoshea keni. Akaenda akakiweka juu ya kuni, mwenyewe, kwa mikono miwili kama anayemlaza mtoto. Ngozi ikajikunja, shanga zikaanza kupasuka moja moja. Alisimama mpaka kikaisha, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikarudi ndani kuosha mirija.

Siku ya tatu alikuja na keni mpya inayong'aa, sijui aliipataje. Nikanusa: masafi, safari hii bila moshi. Mrija, bluu, mwisho wa foleni. Saa moja haijaisha, meupe. Aliponiona natikisa kichwa hakubisha. Alibeba keni yake na ule uzito wote wa maziwa akageuka. Kamati ikakaa siku hiyo hiyo, ikaamua: akirudishiwa mara nyingine tatu, atolewe kwenye chama, maana anatuharibia jina kwa mnunuzi.

Zikaja siku mbili za mawingu, mlima umejifunika mpaka miguuni. Siku hizo maziwa yake yalibaki bluu, tukayapokea. Mnajua watu walisema nini? Kwamba ameazima maziwa ya jirani. Na mimi, mwenye pua, nikaanza kufikiri labda kweli. Ninavyoandika hapa najichukia.

Jua likarudi, na maziwa yake yakarudi meupe, mara ya kwanza. Kesho yake, mara ya pili. Ikabaki moja.

Kilichoniamsha si akili yangu. Ni punda wa Mama Paskalina. Asubuhi iliyofuata punda alikata kamba, akaingia kwenye maharage ya watu, mwenyekiti akafika amechelewa, jasho linamtoka, nyuma hata ya Mama Gidabat. Kwa hiyo mrija wake ndio ukawa wa mwisho, na wa Mama Gidabat wa pili kutoka mwisho, umepona ule mstari wa jua kwa upana wa kidole. Nikafunga mfuniko. Saa moja haijafika natazama, Mama Gidabat ni bluu. Mwenyekiti ni mweupe pepepe.

"Umebadilisha mirija!" Mama Paskalina akanirukia. "Mzee mzima, huoni!"

"Sijabadilisha."

"Basi dawa yako imekufa! Mimi? Maziwa yangu? Uliza kanisa zima!"

Mama Gidabat alikuwa ameketi juu ya keni yake. Akasema polepole, "Labda ni keni yako, mama. Ichome."

Niliwaacha wakitupiana maneno nikainama kwenye boksi. Niliona kile ambacho nilikuwa nakiona kila siku. Jua liko juu ya mrija ule wa mwisho, limepita kwenye kioo changu kana kwamba kioo hakipo. Nikachukua maziwa ya keni moja, ya Mama Paskalina yale yale, nikajaza mirija miwili, nikatia bluu sawa. Mmoja nikauweka juani. Mwingine nikauzungushia gazeti, nikauweka kando yake, maji yale yale. Nusu saa tu. Wa juani umepauka. Wa gazetini bluu kama ulivyoingia.

Nikamwita Emanueli. Akatazama, akasema, "Haiwezekani."

"Unaona lakini."

"Naona. Lakini mzee, bluu haipotei hivi hivi. Bluu ni molekuli, chembe ndogo sana. Inapotea pale inapopokea elektroni. Elektroni ni chaji, kama ile inayopita kwenye waya wa umeme, ila hapa inaruka kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Bakteria wakiwa wengi wanamaliza hewa ya ndani ya maziwa, kisha wanaisukumia rangi elektroni. Ikizipokea inakuwa haina rangi. Ndiyo kipimo chenyewe."

"Nimekuelewa. Na huu wa juani nani ameusukumia?"

"Bakteria."

"Na wa gazetini hawakuingia? Wanaogopa kusoma?"

Nilikuwa nimechemka, nikaenda kabatini nikamletea chupa ya dawa. "Hii chupa ni ya rangi gani?"

"Ya kahawia."

"Waliotengeneza walikosa kioo cheupe?"

Aliishika chupa muda mrefu. Emanueli nampa haki yake hapa, maana wengi wangeondoka. Alikwenda kuchukua madaftari yake ya chuo, akaketi kwenye gunia la pumba, akafunua na kufunua, shati lake lile likajaa vumbi. Akarudi masikio yamemwiva. Akasema jua likiipiga rangi ile, molekuli inaamka, inakuwa na njaa, inanyang'anya elektroni kwa molekuli jirani. Maziwa yamejaa jirani za namna hiyo, vitamini na vingine, masafi yenyewe kabisa. Hakuna haja ya bakteria. Mwanga peke yake unahamisha ile chaji.

"Ulifundishwa hayo?"

"Nilifundishwa, mzee. Nilijibu kwenye mtihani."

Mnaona? Yeye alikuwa na elektroni bila dirisha, mimi nilikuwa na dirisha bila elektroni, na kati yetu mama wa watu amechoma kibuyu.

Akanionyesha na jambo jingine, lishikeni. Mrija ukishapauka, utikise kwa nguvu hewa iingie. Hewa inainyang'anya rangi zile elektroni, bluu inarudi. Sasa uweke gizani. Kama ni jua lililoupausha, bluu itakaa. Kama ni uchafu, itapotea tena haraka, maana bakteria bado wapo kazini. Kipimo hicho sikukipata kwa Mzee Bura, na nilikifanya kila asubuhi niliyokuwa na wasiwasi mpaka naondoka.

Emanueli alitaka tufunike boksi kimya kimya, mambo yaishe. "Tukitangaza, mzee, watasema vipimo vyote ni uongo." Nikamwambia kwamba kamati imeshaandika jina la mama yule, na jina halifutiki kimya kimya. Tukabishana. Mwishoni akasema, "Basi wewe ndiye utakayesema." Nikasema nitasema mimi.

Kesho yake niliwazuia wote wasiondoke. Nikajaza mirija ya maziwa ya Mama Gidabat, nusu juani, nusu chini ya ubao. Wakasubiri wakinung'unika, mashamba yanawangoja. Ilipopauka ya juani nikainyanyua yote juu. Nikasema, "Maziwa ya mama huyu ni masafi. Yalikuwa masafi siku zote. Kilichoyapausha ni jua, na jua nililileta mimi kwa kioo changu." Sikulitaja dirisha. Emanueli aliinua kichwa, akasema, "Na dirisha langu."

Mama Paskalina aligeuka haraka kuliko wote, mnamjua. "Mimi nilisema dawa ile ina matatizo!" Halafu kwa sauti ya mwenyekiti, "Mama Gidabat, jina lako limerudi. Na kibuyu chako ulete, tumekubali, tena wageni wa wilayani watapenda kukiona."

Mama Gidabat alimwangalia kama mtu aliyeulizwa njia na mlevi. "Kibuyu cha mama yangu nilikichoma hapo nyuma. Mnataka niwaletee majivu?"

Nikamwendea, nikamwambia nimekosa, kwamba pua yangu iliniambia kila siku na sikuisikiliza. Akanijibu, "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Basi usiniombe mimi. Funika boksi lako."

Nikakitoa kioo siku ile nikapiga mbao za mkuyu, nzito, hazipitishi hata uzi wa mwanga. Huo ndio mfuniko mnaouanikia matambara. Meza tuliirudisha gizani. Mama Gidabat hakukataliwa tena hata siku moja, na baadaye wanawake wengine wa uwandani walimfuata, wengine na keni, wengine na vibuyu vinavyonuka moshi, na bluu yao ilikaa.

Yeye alikuja miaka yote iliyobaki. Kwa umri mimi nampita, tena kwa mbali. Wenzake wote wa rika lake waliniamkia kila asubuhi kama inavyotakiwa. Yeye tangu siku ile shikamoo hakunipa. Alisema, "Habari za kazi," kama unavyomwambia mtu wa dukani. Alisubiri nitie bluu, nisimamishe mrija, kisha anasogea anashusha mfuniko kwa mkono wake mwenyewe, anaubonyeza, anaangalia kama kuna upenyo. Wapo walioniambia nimkemee, kwamba ni utovu wa adabu. Niliwaambia wafanye kazi zao.

Asubuhi yangu ya mwisho pale walinipikia wali, wakasema maneno mengi. Yeye alifika saa tatu kama kawaida, akatua keni. "Habari za kazi." Nikasema nzuri. Akashusha mfuniko, akaubonyeza, akakaa akasubiri saa yake.